Fataki Kabla ya Filimbi ya Mwisho

Nelo Climent alicheza mpira wa kulipwa tangu akiwa na miaka kumi na saba mpaka mvi zikaanza kumchungulia pembeni mwa masikio, na katika muda wote huo baba yake mzazi hakuwahi kumwona uwanjani. Hata siku moja. Wala si kwamba mzee alifariki, au aliitupa familia, au walinuniana. Batiste Climent yupo, mzima wa afya, mbishi kupindukia, na ukitoka mlangoni kwake unasikia kelele za uwanja wa Benimarxal. Shida ni kazi. Batiste ni fundi wa fataki, na huku kwetu Valencia hakuna Jumapili isiyo na mtakatifu wake, wala hakuna mtakatifu anayekubali kutoka kanisani bila baruti. Jumamosi Batiste yuko mji huu anatega, Jumapili yuko mji ule anawasha, na mpira nao, kwa ukaidi wake, unachezwa siku hizohizo.

Mtu atauliza, na runinga je? Alishawekewa. Nelo alipokuwa ligi kuu, misimu ile miwili, mama yake alimkalisha mzee kwenye kiti akamwambia tazama. Akatazama. Baadaye akasema ameona watu wadogowadogo wanakimbizana na hakumtambua mwanawe hata kidogo. Kauli hiyo ilimuuma Nelo kuliko teke lolote alilowahi kupigwa, ingawa alipoisimulia kwa wenzake aliisimulia kama kichekesho.

Na usidhani Nelo alikuwa mchezaji wa kutambulika kwa urahisi. Alikuwa kiungo, tena kiungo wa kazi zisizoonekana. Anapokea mpira, anautoa. Anapokea, anautoa. Magoli yake ya maisha yote ungeyahesabu kwa vidole ukabakiwa na vya kushikia kikombe. Baada ya ligi kuu akashuka ligi ya pili, akakaa huko miaka mingi, akaenda Kupro mwaka mmoja akarudi amenenepa, kisha akaja kumalizia kwao Benimarxal, timu ya kijiji, wachezaji wenzake nusu yao wakimwita Babu. Kwenye baa ya uwanjani walikuwa wakimwuliza kama anajua goli la wapinzani liko upande gani.

"Nalijua," alikuwa akijibu. "Ndiyo maana siendi ovyo. Kule kuna watu."

Basi, msimu ukafika ukingoni, na ratiba ikafanya maajabu. Mechi ya mwisho, ya kupanda daraja, ikaangukia Benimarxal, Jumapili ya sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mlinzi wa kijiji. Mechi saa sita mchana. Fataki saa nane kamili, zile za mchana tunazozipenda sisi, hazina rangi wala nyota, ni mlio tu wa kukutikisa kifua mpaka unasahau madeni. Na mahali pa kutegea fataki palikuwa uani mwa ghala la zamani la machungwa, nyuma tu ya ukuta wa goli la kusini. Nelo alikuwa ameshatangaza kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho duniani. Kwa mara ya kwanza, baba yake angekuwa hatua ishirini kutoka kwake. Kati yao ukuta.

Asubuhi ile Nelo alipita uani kabla ya kwenda kuvaa. Batiste alikuwa amepiga magoti akikagua utambi, na Roser, dada yake Nelo anayefanya kazi na mzee, alikuwa anafunga mistari ya mwisho ya baruti kwenye kamba.

"Baba, njoo hata nusu saa," Nelo alisema. "Roser atalinda."

"Baruti ikishategwa, fundi haondoki. Unalijua hilo tangu unanyonya."

"Leo ni ya mwisho."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimeniambia. Mpaka padri." Batiste hakuinua kichwa. "Nitasikia kila kitu nikiwa hapahapa. Mtu wa baruti anasikia vizuri."

"Ni kuona, baba. Mimi nataka unione."

Mzee akasugua vidole vyake vyeusi kwenye suruali. Alitaka kusema kitu, lakini akasema kwamba upande wa tatu wa kamba umelegea. Roser akamtazama kaka yake kwa huruma, akamfanyia ishara ya mkono kwamba aende zake, na Nelo akaenda amefura.

Sasa, ingekuwa mambo yamekwenda kwa saa, mechi ingeisha kabla ya saa nane na hadithi hii isingekuwepo. Lakini basi la wageni lilipoingia kijijini lilimkuta Mtakatifu Antoni yuko barabarani, amebebwa mabegani, anakwenda kanisa dogo la mlimani na bendi nyuma yake. Na huku kwetu mtakatifu hapitwi na gari. Basi lile likajikokota nyuma ya bendi, wachezaji wa wageni wamo ndani wanatoa jasho na kula mbegu za alizeti, na mwanamke mmoja mzee akigeuka kila mara kulionya basi kwa fimbo lisikaribie. Filimbi ya kwanza ikapigwa mchana umeshapanda.

Bi Empar, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, mwanamke ambaye hata meya humwamkia kwanza, akaingia uani mwenyewe akiwa na gauni lake la hariri na shanga zake zote.

"Batiste, leo utangoja. Saa nane itafika, hutawasha. Utawasha mechi ikiisha."

"Saa nane ni saa nane, Bi Empar. Maisha yangu yote sijachelewesha."

"Na mimi maisha yangu yote sijabishana na mtu nikiwa nimevaa hivi. Nitapanda juu pale jukwaani, unapaona? Mechi ikiisha nitapunga kitambaa cheupe. Ukikiona, washa. Usipokiona, kaa."

"Kitambaa cheupe."

"Cheupe. Na usiniangushe."

Batiste akakubali, lakini kwa uchungu. Kengele ya kanisa ilipogonga saa nane na yeye mikono mitupu, Roser anasema alimwona akifumba macho.

Ndani ya uwanja mambo yalikuwa magumu. Sare iliwatosha wageni, kwa hiyo wakajikunja mbele ya goli lao wakakaa. Benimarxal walihitaji goli moja, na hawakuwa nalo. Jua limesimama kichwani, wachezaji wanateleza kwa jasho, na Nelo misuli ya paja imeanza kumkaza. Kocha Sento, mtu mfupi asiye na utani kabisa, alishamwambia Quelo, kijana wa akiba, avue jezi ya mazoezi, aingie badala yake.

Hapo ndipo, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, mpira ulipookolewa vibaya ukamfikia Nelo nje ya boksi. Sijui alipatwa na nini. Labda ni hasira za asubuhi. Akapiga. Mpira ukaenda chini, ukapita kati ya miguu ya watu, ukalala wavuni. Uwanja ukalipuka. Nelo mwenyewe akasimama haamini, akatazama ukuta wa kusini badala ya kutazama wenzake.

Kibendera kilikuwa juu. Adrià, mshambuliaji wetu, alikuwa ameotea, eti amemziba kipa. Refa akakataa goli.

Nani asiyejua watu wa mpira wanafanya nini refa akiwadhulumu? Wanatoa vitambaa. Mmoja alianza, jukwaa zima likafuata, mamia ya vitambaa vyeupe vikipepea kwa ghadhabu, na asiyekuwa na kitambaa akipunga karatasi ya kufungia mkate. Hayo anayajua mtoto wa darasa la kwanza. Lakini Batiste Climent alikuwa hajawahi kuingia uwanja wa mpira. Alikuwa amepanda juu ya kreti la machungwa, anachungulia juu ya ukuta, anatafuta kitambaa kimoja. Akaona uwanja mzima mweupe. Akasema moyoni, Bi Empar amenisisitizia kweli leo. Akashuka akawasha.

Mlio wa kwanza ulimkuta refa anaandika jina la Adrià kwa kubisha. Kalamu ikamtoka. Wa pili na wa tatu ikafuata, kisha mia, kisha huwezi tena kusema ni mingapi, ni ukuta wa sauti unatembea kutoka ghalani kuelekea golini, unapanda, unashuka, unakuja tena kwa nguvu zaidi. Golikipa wa wageni alilala chali. Bi Empar, juu jukwaani, alikuwa anapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, na kitambaa chake mwenyewe bado kimekunjwa kwenye mkoba.

Kwingine wangekimbia, wangeita polisi. Sisi ni watu wa ajabu. Wageni nao walikuwa Wavalencia, na Mvalencia fataki nzuri haziachi zipite hivihivi. Wachezaji wa timu zote mbili wakasimama katikati ya uwanja, midomo wazi ili masikio yasiume, wakisikiliza. Refa akatazama saa yake, akaona haina maana, naye akafungua mdomo. Waliokuwa wanamtukana wakaacha kumtukana. Na ulipofika ule mtetemo mkuu wa mwisho, ardhi ikicheza chini ya miguu mpaka vibendera vya kona vinayumba, watu wakapiga makofi kwa mikono iliyo juu, nahodha wa wageni akiwa wa kwanza.

"Nani fundi?" alimwuliza Nelo.

"Baba yangu."

"Mpe hongera. Lakini amewahi."

Moshi ukateremka juu ya uwanja mzito kama uji, na refa akasema hapigi filimbi mpaka aone magoli yote mawili. Nelo hakungoja. Akakimbia kwa paja lake lile bovu mpaka lango dogo la ukuta wa kusini. Baba yake alikuwa amesimama pale mlangoni, uso mweusi kwa masizi, mikono imening'inia. Nelo hakuwa amewahi kumwona hivyo.

"Nimekuharibia," Batiste alisema. "Niliona vitambaa. Vilikuwa vingi, Nelo."

"Vile vilikuwa vya kumtukana refa, baba."

"Vitambaa?"

"Ndiyo desturi."

"Desturi gani hiyo ya kishenzi. Mtu akikasirika si aseme." Mzee alitikisa kichwa, macho yamemjaa maji, iwe ni moshi au si moshi. "Mechi imekwisha?"

"Bado dakika chache. Moshi wako umetusimamisha."

"Basi nirudi nikakague mabaki."

Kutoka ndani ya moshi ikaja sauti ya Roser, na kwa namna ilivyokatikakatika ilikuwa wazi kwamba alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. "Utakagua nini? Haikubaki hata moja. Zimelia zote, na mabaki nitayapitia mwenyewe. Nenda."

Batiste akatazama mikono yake. Jumapili, mchana, na hana cha kuwasha. Nelo akamshika mkono, akamwingiza, akamkalisha mwisho wa benchi la wachezaji wa akiba, na watu wa nyuma wakaanza kumpigapiga mzee mabegani na kumpa mbegu za alizeti kana kwamba ameoa.

Kocha Sento hakuiona harusi hiyo. "Nelo, unatoka. Quelo yuko tayari."

"Kocha, baba yangu yuko hapa."

"Namwona. Ananiharibia benchi kwa masizi."

"Hajawahi kuniona nacheza. Nipe zilizobaki."

"Mimi natafuta kupanda daraja, siendeshi harusi." Sento akamtazama mzee, akamtazama Nelo, akavuta pumzi. "Sawa. Ukipoteza mpira mmoja, mmoja tu, natoa kibao."

Refa akapiga filimbi. Mpira wa kwanza uliomfikia Nelo, pasi nyepesi ya nyumanyuma, ulimpita chini ya mguu kama anayecheza mara ya kwanza maishani. Alitetemeka, ndiyo. Alishacheza mbele ya watu elfu hamsini bila kutetemeka, leo kamtetemesha mzee mmoja mwenye masizi. Sento akainua kibao, namba ya Nelo kwa rangi nyekundu, Quelo kando yake anarukaruka.

Lakini sheria inajulikana. Mchezaji habadilishwi mpira ukiwa unachezwa. Mpaka utoke nje, au refa asimamishe. Nelo akageuka, akamkimbilia aliyeuchukua ule mpira, akaunyofoa bila kumgusa mguu, na papo hapo akaelewa kitu kimoja kilichomfurahisha mpaka akasahau paja. Maadamu mpira hautoki, na yeye hatoki.

Kazi ya kuufanya mpira usitoke ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akautoa kulia, ukarudi. Akautoa nyuma, ukarudi. Beki wa wageni akaja kumchezea rafu, Nelo akawa ameshauachia na kuruka, rafu ikaliwa na nyasi. "Niletee mimi," aliwaambia wenzake, "msipige mbele, msipige nje, niletee." Kulia, kati, kushoto, kati. Jukwaa likaelewa kabla ya Sento. Likaanza kusema ole, kelele ya kumsifu anayemzungusha mpinzani, kwa kila pasi, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa raha kabisa. Sento amesimama na kibao chake hewani, mikono inamuuma, hawezi kukishusha wala kukitumia.

Sasa, ole ni kitu kinachouma usipokuwa na mpira. Wageni sare iliwatosha, walitakiwa wakae tu kwao wangoje. Lakini kuchezewa ole na kijiji kilichokulipulia fataki, tena na babu mwenye paja bovu, kulimshinda beki wao wa kushoto. Akatoka. Akamfuata Nelo mpaka katikati, amekunja uso, na nyuma yake akaacha nafasi ya kupitisha mkokoteni.

Nelo aliiona kabla haijawa nafasi. Mbele yake kulikuwa wazi, angeweza kupiga mwenyewe, na mamia walimpigia kelele apige, kwa kuwa walimdai goli lile lililokataliwa. Hakupiga. Aliusukuma mpira kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu, kwenye ile nafasi tupu ambayo bado hapakuwa na mtu, kisha akasimama akaweka mikono kiunoni. Adrià alifika pale kwa mbio, safari hii hajaotea. Moja bila.

Nitawaambia nini kuhusu kelele? Watu waliruka uzio. Bi Empar alimbusu padri. Bendi, iliyokuwa inakula kivulini, ikaanza kupiga wimbo wowote uliokuwa karibu. Walipotazama juu kutafuta fataki za kupanda daraja, hewani hakukuwa na kitu ila moshi wa mwanzo ukielekea mashambani, na hakuna aliyejali.

Mpira ukiwa wavuni, refa akamruhusu Sento. Kibao kikafanya kazi yake. Nelo akatoka akitembea, uwanja mzima umesimama, wageni nao wakimpa mikono mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye benchi hakuketi. Alisimama mbele ya baba yake, kama mwanafunzi anayesubiri majibu.

"Basi," alisema. "Umeniona."

"Nimekuona," Batiste alisema. "Kila mara kabla mpira haujakufikia unatazama nyuma ya bega lako. Huku, halafu huku. Hakuna mwingine anayefanya hivyo pale ndani. Nilidhani unatafuta mtu, baadaye nikajua unakagua. Mimi pia hukagua hivyo kabla ya kuwasha."

Makocha wangapi walimlipa Nelo mshahara kwa jambo hilo moja, na wangapi waliliona kwa dakika tano?

"Na goli, baba? Goli la Adrià ulilionaje?"

"Goli sikuliona."

"Limefungwa hapohapo mbele yako."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Ulisimama, ukaweka mikono kiunoni, ukacheka. Ulicheka kwanza, watu wakapiga kelele baadaye. Nikajua limeingia."

Nelo akaketi sasa, akamwegemea baba yake begani bila kujali masizi, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya benchi zima. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakaingia uwanjani kama mafuriko, na mzee hakuinuka. Alikuwa anamenya mbegu ya alizeti, anafikiria.

"Jumapili ijayo mnacheza na nani?" aliuliza.

"Na nani tena, baba? Nimestaafu. Umesikia mwenyewe, mpaka padri alikuambia."

"Nilisikia. Lakini unastaafuje, na mimi ndiyo kwanza nimefika?"

Nelo akamgeukia Sento amsaidie. Kocha alikuwa amewapa mgongo, kibao bado mkononi, akijifanya anatazama watu wanavyoshangilia.

"Mjibu mzee wako," Sento alisema.